Chai, Septemba 1964: nani alikuwa upande wa nani?

Mtajie kijana wa Kariakoo habari za Chai, atacheka kabla hujafika popote. Kwake chai ni hadithi ya kutunga, na msimuliaji wake ni mtu wa kuachwa aongee peke yake. Chai ninayoizungumzia mimi ni mahali: kituo kidogo cha utawala wa Wareno katika eneo la Macomia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Ingawa, kusema kweli, habari zake nazo zimetiwa sukari kidogo.

Usiku wa Septemba 25, 1964, mlinzi wa kituo hicho alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba ya mkuu wake, yule ambaye upande wetu wa Mto Ruvuma tungemwita bwana shauri. Gizani, karibu na kiti hicho, alijibanza kijana wa Kimakonde, Alberto Chipande. Alikuwa ameongoza kikundi cha wapiganaji waliovuka Ruvuma mwezi wa Agosti, wakitembea usiku, mchana wakilala porini. Walikuwa wamekubaliana kwamba risasi yake ndiyo ishara. Akafyatua, mlinzi akaanguka. Bwana shauri akafungua mlango kuangalia kuna nini, naye akapigwa. Kwa hesabu ya Chipande mwenyewe, zaidi ya mkuu huyo walikufa Wareno wengine sita, na kulipopambazuka askari waliotumwa kuwasaka washambuliaji walikuta wameshatokomea. Hesabu ya waliokufa ina mabishano yake mpaka leo. Kiti sijamsikia mtu akikibishania.

Risasi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika vita vya uhuru wa Msumbiji, vilivyokwenda miaka kumi. Tarehe yake ni sikukuu ya taifa huko. Tulioisoma habari hii shuleni tuliipata kama mechi ya Simba na Yanga: huku wapiganaji wa FRELIMO, kule Wareno, filimbi ikapulizwa Chai. Mimi nimeisoma tena ukubwani, na kadiri ninavyoisogelea ndivyo jezi zinavyopoteza rangi. Usiku ule pande hazikuwa mbili. Kila upande ulikuwa mkusanyiko wa watu waliotazamana kwa jicho la pembeni, na wengi hawakuwa wameamua waketi wapi.

Tuanzie Mueda, miaka minne nyuma. Mueda iko juu ya uwanda wa Wamakonde, na ukisimama upande wetu, kwenye uwanda wa Newala, unaitazama nchi yao ng'ambo ya bonde la Ruvuma. Kwa miaka mingi mto huo haukuwa mpaka wa maana kwa watu wa pale. Upande wa Mreno kulikuwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kulikuwa na kazi za shokoa ambazo Wamsumbiji huziita chibalo, na kulikuwa na viboko. Upande wa Mwingereza kulikuwa na mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga, ambako mtu alifanya kazi ya kumvunja mgongo lakini akalipwa. Kwa hiyo walivuka. Wengi wa manamba waliokata mkonge wetu walikuwa Wamakonde wa Msumbiji, wale ambao wenyeji waliwaita Wamawia, wenye chale za nyuso zilizochorwa kwa ustadi. Chale hizo baadaye ziliwaponza, kwa sababu askari wa Kireno hakuhitaji kuuliza mtu ni wa wapi. Alimwangalia usoni tu.

Wakiwa Tanganyika waliona TANU inavyofanya kazi: mikutano, kadi, na neno moja lililokuwa kinywani mwa kila mtu. Neno hilo, uhuru, lilirudi nao nyumbani. Juni 16, 1960, watu wengi walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala Mueda kumsikiliza gavana wa jimbo. Wasemaji wao walikuwa wawili waliotokea Tanganyika, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane. Gavana aliongea juu ya maendeleo, kisha wasemaji hao wakakamatwa. Umati ulipojaribu kuzuia wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi. FRELIMO ilisema baadaye kwamba waliuawa watu wapatao 600. Baadhi ya wanahistoria waliopekua nyaraka za Kireno wanataja idadi ndogo zaidi kwa mbali, makumi tu. Chipande alikuwapo siku hiyo.

Linalonigusa mimi ni swali la walichokwenda kuomba. Baadhi ya watafiti wanaamini kwamba wengi wa waliosimama pale walitaka ruhusa ya kurudi kwao kutoka Tanganyika na kuishi bila shokoa wala pamba ya lazima. Hilo ndilo lililokuwa uhuru wao. Taifa linaloanzia Ruvuma na kuishia mpakani mwa Afrika Kusini wengi wao hawakuwahi kuliona wala kulihitaji. Hilo lilikuja kuongezwa na watu wengine, na watu hao walitoka mbali.

Mwanzoni vyama vya Wamsumbiji vilikuwa vitatu, na vyote vilizaliwa nje ya Msumbiji. UDENAMO kilianzishwa mwaka 1960 Rhodesia Kusini na wafanyakazi waliotoka kusini na katikati ya nchi, kiongozi wao Adelino Gwambe. MANU kilitokana na vyama vya Wamakonde wa Tanganyika na Mombasa. Jina lake lilishonwa kwa kitambaa cha TANU na KANU, na aliyekiongoza ni Matthew Mmole. UNAMI kilikuwa cha watu wa Tete waliokuwa Nyasaland. Ukiwaweka viongozi hao watatu chumba kimoja usingejua waongee lugha gani. Mmakonde aliyekulia Tanga alikuwa na Kiswahili kilichonyooka na hakuwa na Kireno hata cha kuombea maji. Mtu wa kusini alikuwa na Kireno cha shule na hakukielewa Kiswahili.

Chumba chenyewe kilipatikana Dar es Salaam. Tanganyika ilikuwa na miezi sita tu ya uhuru, na Nyerere hakutaka kupokea wageni watatu wanaogombana kila mmoja na mkeka wake. Akawabana waungane. Juni 25, 1962, ikazaliwa FRELIMO, na rais wake akachaguliwa mtu ambaye hakuwa wa chama chochote kati ya vile vitatu: Dk. Eduardo Mondlane.

Mondlane alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Gaza, kusini kabisa. Serikali ya Afrika Kusini ilimtimua chuo kikuu mwaka 1949, akapita Lisbon, akaishia Marekani alikochukua shahada ya uzamivu ya sosholojia, akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mke wake, Janet, alikuwa Mmarekani mweupe. Wareno wenyewe walimtamani: waziri wao wa makoloni aliwahi kumwashiria nafasi ya kufundisha Lisbon. Tafakari hilo kidogo. Miaka michache kabla ya vita, mtu aliyekuja kuwa adui namba moja wa Ureno alikuwa anaitwa akafundishe vijana wa Kireno, kwa sababu alikuwa aina ya Mwafrika ambaye sheria zao zilidai kumtafuta: msomi, Mkristo, mjuzi wa lugha yao. Watu wa aina hiyo waliitwa assimilados, na katika sensa ya mwaka 1950 hawakufika 5,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano.

Muungano ulianza kuvuja kabla rangi haijakauka. Baada ya mkutano mkuu wa kwanza, Septemba 1962, Mondlane alirudi Marekani kumaliza mkataba wake wa kazi, na paka alipoondoka panya walitawala. Gwambe akafukuzwa, akakifufua chama chake cha zamani. Mmole naye hivyo hivyo. Katibu mkuu David Mabunda na naibu wake, Paulo Gumane, wakaondolewa. Katikati ya ugomvi huo alikuwapo mtu mmoja ambaye, kama mwandishi wa riwaya angemtunga, mhariri angemwambia apunguze. Jina lake Leo Milas. Alijitambulisha kama Mmsumbiji aliyesoma ng'ambo, akapewa idara ya uenezi, kisha akapewa ulinzi na usalama, yaani idara ya vita yenyewe. Waliomshuku walisema hajui lugha yoyote ya Msumbiji, wakaambiwa wana wivu. Mondlane alipofuatilia habari zake Marekani, ikabainika kwamba ni Mmarekani mweusi mzaliwa wa Texas, jina lake Leo Aldridge, na Msumbiji hakuwahi kuwa kwao. Akafukuzwa Agosti 1964. Mwezi huohuo kundi la Chipande lilikuwa linavuka Ruvuma. Sasa hiyo ndiyo chai ya Kariakoo, isipokuwa ni kweli.

Mwenyeji naye hakuwa na nyumba tulivu. Mwaka 1964 ulianza kwa Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 12. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles wakaasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza waje wawanyang'anye silaha. Jeshi likavunjwa. Kwa miezi kadhaa nchi iliyokuwa ikiwalea wapiganaji wa nchi nyingine haikuwa na jeshi lake la kuitwa jeshi. JWTZ lilizaliwa Septemba 1, siku 24 kabla ya risasi ya Chai. Kuna watu wanaosimulia ukombozi wa kusini mwa Afrika kana kwamba Tanzania ilikuwa kaka mkubwa mwenye misuli. Mwaka huo kaka alikuwa ametoka kitandani juzi.

Lakini ardhi alikuwa nayo. Wapiganaji waliopelekwa Algeria kwa mafunzo waliporudi walipelekwa Kongwa, Dodoma, na mwaka uliofuata kambi kubwa ikafunguliwa Nachingwea. Wenye umri mkubwa watakumbuka majina hayo kwa sababu nyingine. Ndiko Waingereza walikoanzisha ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakamwaga mamilioni ya pauni, na udongo ukakataa. Karanga hazikustawi, wakabaki na majengo na barabara. Ndani ya makapi ya mradi huo wa mkoloni mmoja wakafunzwa watu wa kumwondoa mkoloni mwingine. Mmoja wao alikuwa muuguzi aliyetoroka Lourenço Marques mwaka 1963, Samora Machel, ambaye wakati huo hakuwa mkuu wa jeshi. Mkuu alikuwa Filipe Magaia, na hata yeye hakuuawa na Mreno: mwaka 1966 alipigwa risasi na askari wa kikosi chake mwenyewe.

Mondlane aliandika kwamba vita vilianza na wapiganaji 250 waliofunzwa na kupewa silaha. Watu 250, bunduki za mataifa mbalimbali, wakikabili dola iliyokuwa mwanachama wa NATO.

Sasa twende upande wa pili, ambao shuleni tuliuita Wareno na kuishia hapo. Lisbon alikuwapo António Salazar, aliyekuwa madarakani tangu 1932, akishikilia kwamba Ureno haina makoloni. Tangu 1951 makoloni yalikuwa yamebatizwa kuwa mikoa ya ng'ambo, na mkoa hauwezi kudai uhuru kama vile chumba hakiwezi kuihama nyumba. Mwaka 1961 nusura umfanye kichaa: Angola ikalipuka mapema mwaka huo, Aprili waziri wake wa ulinzi, Botelho Moniz, akajaribu kumpindua, na Desemba India ikaichukua Goa kwa siku mbili. Salazar alijichukulia wizara ya ulinzi mwenyewe. Januari 1963 Guinea-Bissau nayo ikawaka. Kwa hiyo risasi ya Chai ilifungua jeraha la tatu katika mwili ambao tayari ulikuwa unavuja.

Aliyetumwa kuliziba ni kijana wa kijijini, mtoto wa wakulima wa kaskazini mwa Ureno, mara nyingi mwenye elimu ya kuungaunga kama ya Mmakonde aliyetumwa kumpiga. Alipakiwa melini Lisbon kwa huduma ya miaka miwili. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Niassa, jina la jimbo ambalo baadhi ya abiria wake wangekwenda kupigania. Maelfu ya wenzake hawakusubiri meli. Walitoroka usiku kupitia milima ya Hispania wakaenda kufanya kazi za ujenzi Ufaransa. Mmakonde alikimbia pamba, Mreno alikimbia jeshi. Sisemi walikuwa sawa, maana mmoja alikuwa na dola nyuma yake.

Wareno walioishi Msumbiji, karibu 100,000 kwa sensa ya 1960, nao hawakuwa sauti moja. Walowezi wengi wa Beira na Lourenço Marques walinung'unika kwamba Lisbon inawanyonya. Askofu wa Beira, Sebastião Soares de Resende, alikuwa ameandika waziwazi kupinga pamba ya kulazimishwa, jambo lililomtia doa machoni pa serikali. Na polisi wa siri, PIDE, askari kanzu wa dola hiyo, waliwachunguza Wareno wenzao kwa bidii ileile waliyowachunguza nayo Waafrika.

Kisha kuna wale ambao masimulizi huwapitia haraka: Waafrika waliobeba bunduki ya Mreno. Walikuwapo tangu siku ya kwanza, kama askari, kama wakalimani, kama matarishi wa machifu, na vita vilipokuwa vinakwisha walikuwa zaidi ya nusu ya jeshi zima. Neno letu la tayari kwao ni vibaraka. Limewafaa wengine. Lakini mchukue chifu wa kijiji katika njia ya Chai: mchana anakuja bwana shauri kudai kodi na majina ya wageni, usiku anakuja kijana mwenye bastola kudai mtama na majina ya wasaliti. Akimpa mmoja, mwingine atajua. Kusini ya uwanda wa Mueda, kuvuka Mto Messalo, wengi walikuwa Wamakua, waliokuwa na kumbukumbu zao na Wamakonde tangu zama za biashara ya watumwa. Wareno walizichochea kumbukumbu hizo kama mtu anayepuliza makaa. Ndiyo sababu vita vilivyowaka haraka uwandani vilitembea kwa kujikokota kila viliposogea kusini.

Hata hiyo risasi ya kwanza ina mwenzake anayefichwa. Agosti 24, 1964, mwezi mzima kabla ya Chai, padri Mholanzi, Daniel Boormans, aliuawa karibu na misheni ya Nangololo, uwandani. Waliomuua walikuwa watu wa ile MANU iliyofufuka, chini ya Lucas Fernandes, waliotaka kuanza vita vyao kabla ya FRELIMO. Padri alikuwa mweupe, na kwao hilo lilitosha. Kwa FRELIMO lilikuwa balaa: Mondlane alikuwa ametumia miaka miwili kuuambia ulimwengu kwamba adui ni mfumo, rangi ya mtu haina hatia. Tena mauaji hayo yaliwaamsha Wareno. Doria zikazagaa barabarani huku kundi la Chipande likiwa njiani, kwa hiyo wapinzani wao wa ng'ambo moja walikuwa wamewatilia mchanga kabla Mreno hajafanya lolote.

Mpango ulikuwa kuwasha moto majimbo manne: Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambezia. Mawili ya mwisho yalizimika mapema, kwa kuwa njia yake ilipita Malawi. Malawi ilipata uhuru Julai 6, 1964, chini ya Kamuzu Banda, ambaye mizigo yake yote ilipita reli na bandari za Mreno na hakutaka kugombana na mwenye ufunguo wa mlango. Kusini nako PIDE iliuvunja mtandao wa siri miezi michache baada ya Chai. Miongoni mwa waliotiwa ndani ni mshairi José Craveirinha, mwandishi Luís Bernardo Honwana na mchoraji Malangatana.

Yakabaki majimbo mawili yanayopakana na Tanzania, na FRELIMO ya mtu wa Gaza ikaishi kwa jasho la Wamakonde. Bwana mkubwa wa huko alikuwa Lázaro Nkavandame. Alianza kama mkulima aliyeunda ushirika wa pamba mwaka 1957 na kuwabana Wareno wapunguze mkono wao. Vita vilipoanza ndiye aliyejua nani ana chakula na njia ipi haina doria, akawa mkuu wa FRELIMO wa jimbo. Kwake vita vilikuwa vya Wamakonde kupata nchi yao na soko lao. Kwa Mondlane na Samora vilikuwa vya kitu kingine. Mwaka 1964 hakuna aliyekuwa na muda wa kuulizana. Waliulizana baadaye, wakashindwana, na mwaka 1969 Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno.

Baada ya usiku wa Chai watu wa uwandani walianza kuhama. Wengine waliingia msituni na wapiganaji. Wengine baadaye walikusanywa na Wareno kwenye vijiji vya uzio. Maelfu walivuka Ruvuma kwa mitumbwi, wakiwa na watoto mgongoni na jembe mkononi, wakipokewa Mtwara na ndugu waliotangulia kwa ajili ya mkonge, kisha wengine wakapelekwa makazi ya Rutamba, Lindi. Aliyevuka mapema Oktoba alifika katika Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mdogo wake aliyevuka Novemba alifika Tanzania, maana jina lilibadilishwa Oktoba 29. Mtumbwi ulikuwa uleule.